Nyumba Iliyonasa Maneno ya Mtoto

Mzazi yeyote aliyelea mtoto anaikumbuka siku mtoto wake alipopiga hatua ya kwanza, na wengine huweza hata kuitaja saa yake. Lakini ukimwuliza mzazi huyohuyo mtoto alianzaje kusema, neno lipi lilitangulia, lilisikika kwanza mahali gani, na lilipita katika sauti ngapi kabla halijawa neno kamili, atakujibu kwa kicheko na kisa kimoja au viwili, kwa maana usemi hauji kwa hatua moja inayoshuhudiwa na watu wote sebuleni, bali hujipenyeza kidogo kidogo kati ya vilio na makelele ya nyumba, na anayeishi ndani ya makelele hayo ndiye mwenye wasaa mchache kupita wote wa kuyaandika.

Wataalamu wa zamani waliikabili shida hii kwa daftari na kwa ziara. Charles Darwin, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1877 juu ya mwanawe, alieleza kwamba mtoto huyo alipotimiza mwaka mmoja alijibunia neno lake mwenyewe la chakula, nalo ni "mum". Na tangu mwaka 1962 Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walikuwa wakienda na mashine za kunasa sauti nyumbani kwa watoto watatu, waliopewa majina ya Adam, Eve na Sarah, wakatoa katika ziara hizo kitabu cha mwaka 1973 ambacho hata leo hakijachuja. Kazi hizo zina heshima yake. Walakini zote mbili zina dosari moja, kwamba mwenye daftari huandika lile lililomshangaza na kuliacha la kawaida, na mwenye kuzuru husikia lile tu lililosemwa mbele yake; neno lililozaliwa Jumanne jioni wakati wa kuoga, mgeni wa Ijumaa hulikuta limekwisha kuwa kongwe.

Dosari hiyo ndiyo aliyokusudia kuiondoa Deb Roy, mwalimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, mwaka 2005, pale yeye na mkewe Rupal Patel, ambaye naye ni mtaalamu wa matamshi na usemi, walipokuwa wakimngojea mtoto wao. Katika dari ya nyumba yao waliweka kamera 11 na vinasa sauti 14, nyaya zikashushwa hadi chumba cha chini kabisa palipokuwa na kompyuta za kuhifadhi. Kamera zilikuwa na lenzi pana za namna iitwayo jicho la samaki, zinazokusanya chumba kizima katika picha moja ya mviringo, na vinasa sauti viliufanya uso wa dari wenyewe uwe msaidizi wa kukusanya sauti, hata mnong'ono usipotee. Kuchagua dari halikuwa jambo dogo, madhali mtoto wa mwaka mmoja ana mikono inayofika kila mahali isipokuwa huko, na watu wazima nao husahau upesi kitu kisichokuwa mbele ya macho yao. Ila kila chaguo lina gharama, na gharama ya dari ni kwamba huona tele tele utosi wa watu, na nyuso zao kwa nadra.

Baada ya miaka mitatu ya mwanzo ya mtoto, hazina hiyo ilifikia takriban saa 90,000 za video na saa 140,000 za sauti, nayo ilijaza kama terabaiti 200. Tarakimu hizi aghalabu hutajwa ili zitishe, na kwa hiyo inafaa mtu azigawe kabla hajatishika. Saa 140,000 kwa vinasa sauti 14 ni saa 10,000, na saa hizo ukizieneza juu ya siku 1,095 unapata kama saa 9 kwa siku, muda unaokaribia ule ambao mtoto yu macho na nyumba imechangamka. Kwa hiyo si kweli kwamba kila pumzi ilinaswa, wala haikukusudiwa hivyo. Ukutani paliwekwa vibao vya kugusa, vikiwa na kitufe cha kuzima picha, kitufe cha kuzima sauti, na kitufe cha tatu cha kufuta dakika zilizokwisha kupita, kwa ajili ya yule aliyezikumbuka kamera baada ya kusema aliyoyasema. Mimi naona kwamba kitufe hicho cha tatu ndicho kilichoiwezesha kazi nzima, kwa sababu watu wa nyumba wanaokaa kwa hadhari mchana kutwa hawasemi na mtoto kama watu wa nyumba. Husema kama mashahidi mahakamani, na mtoto angejifunza usemi huo huo.

Hata hivyo, kamera ndizo sehemu nyepesi ya kazi hii, na msomaji anayeishia kwenye kamera ameiacha kunga yenyewe. Sauti iliyohifadhiwa haiwezi kuhesabiwa mpaka iandikwe, na kompyuta za zama zile hazikuweza kutegemewa kuyaandika mazungumzo ya nyumbani, ambamo watu wawili husema kwa pamoja, maji yanamwagika, redio inaimba, na mtoto analia katikati. Ilibidi binadamu wasikilize. Na ajuaye kazi ya kunakili usemi wa kanda anajua kwamba kinachomchosha mtu ni kutafuta zaidi kuliko kuandika: kusogeza mbele, kusimamisha, kurudisha nyuma, kubahatisha sauti ilianzia wapi, kisha kuanza upya. Brandon Roy, mtafiti katika maabara ya Deb Roy, alitengeneza programu iliyoitwa BlitzScribe, ambayo iligawa kazi kati ya mashine na mtu kwa kumpa kila mmoja lile analoliweza: mashine iliutambua usemi kati ya ukimya na kelele, ikaukata vipande vifupi vinavyoweza kukaa kichwani, ikavipanga, mtu akabakiwa na kusikiliza na kuandika tu, na kipande cha pili hakikusema mpaka amekwisha cha kwanza. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba njia hii inaweza kuwa na kasi mara 6 kuliko zana nyingine zilizokuwa zikitumika. Kwa njia hiyo yaliandikwa maneno zaidi ya milioni 7, na bila ya hayo zile terabaiti 200 zingekuwa ghala lisilo na mlango.

Maandishi yalipopatikana, kila neno la mtoto liliweza kurudishwa nyuma hadi siku lilipotoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa mtoto hutoa sauti nyingi zinazofanana na maneno bila ya kuwa maneno, watu walipitia tena yale yaliyodhaniwa kuwa ni mazazi ya maneno wakayahakiki. Kipande kilichojulikana zaidi ni kile alichokisikilizisha Deb Roy hadharani mwaka 2011, ambapo sauti ya mtoto akiomba maji, "gaga", inasikika ikigeuka polepole hadi kuwa "water", na miezi sita ya majaribio imebanwa katika sekunde 40. Anayesikiliza hupendezwa, lakini mchambuzi hupendezwa zaidi na jambo lililofuata, nalo ni kwamba watafiti waliyatazama maneno ya wakubwa kwa mizani ileile waliyoyapimia ya mtoto, wakaona kwamba baba, mama na yaya, wote watatu, kadiri neno fulani lilivyokaribia kuzaliwa ndivyo walivyolitia katika sentensi fupi zaidi, kisha neno lilipokwisha kushika wakazirefusha sentensi tena. Hapana aliyewaagiza, wala wenyewe hawakujua kwamba wanafanya hivyo.

Jambo la pili lilihitaji video, na hapa ndipo kamera zilipolipa gharama yake. Mtu angetaraji kwamba neno linalosikika mara nyingi ndilo linalojifunzwa mapema. Katika makala ya mwaka 2015, Brandon Roy, Michael Frank, Deb Roy na wenzao walichukua maneno 679 ambayo mtoto aliyatamka kati ya umri wa miezi 9 na miezi 24, wakauliza juu ya kila moja: lilisemwa katika pembe zipi za nyumba, katika saa zipi za siku, na katika mazungumzo ya habari gani? Kisha mtawanyiko wa neno hilo ukalinganishwa na mtawanyiko wa usemi wote wa nyumba. Neno kama "na" husikika popote penye watu, na ramani yake haina tofauti na ramani ya watu wenyewe. Lakini neno la kifungua kinywa hukaa jikoni, asubuhi, kati ya vikombe na mkate. Ikadhihirika kwamba upekee huo wa mahali, wakati na mazungumzo ulitabiri siku ya kuzaliwa kwa neno kwa nguvu kuliko wingi wa kusikika kwake, na tena ulifanya hivyo katika aina zote za maneno, jambo ambalo wingi haukuliweza. Mtoto mmoja si umma wa watoto, nami nisingependa mtu ajenge sheria juu ya nyumba moja. Lakini kwa jinsi ya kupima, sijaona hesabu iliyotengenezwa kwa makini zaidi ya hiyo.

Je, yamkini kuifanya kazi hii kwa mtoto wa Kiswahili? Zana si kikwazo tena, kwa kuwa bei zake zimeshuka. Kikwazo cha kwanza ni mahali. Njia ya dari hudhani kwamba maisha ya mtoto yamo chini ya dari, na kwamba wanaosema naye ni watatu, ilhali mtoto wa Mombasa au wa Tanga hushinda uani, barazani na mlangoni kwa jirani, begani kwa dada yake mwenye miaka 9, na mengi ya maneno anayoyasikia hayakuelekezwa kwake. Huko dari haifiki. Kinachofaa ni kinasa sauti kidogo kinachotiwa katika mfuko wa nguo ya mtoto, namna ambayo watafiti wa nchi mbalimbali wanaitumia sasa, au kamera ya kichwani kama ile ya mtoto mmoja wa Australia, ambaye saa 61 za video yake zilitumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York mwaka 2024 kuifundisha kompyuta kulinganisha maneno na vitu. Kamera hiyo huona anachokiona mtoto, ila kile kilichoko nyuma ya kisogo chake huipita.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho kimo ndani ya lugha yetu. Hesabu yote niliyoieleza inasimama juu ya neno, na Kiingereza ni lugha ambayo neno lake hubadilika kidogo tu, tena aghalabu mkiani. Mtoto wa Kiswahili husikia "nataka", "hutaki?", "akitaka", "wamemtaka", na kichwa cha kila moja ni kingine; mashine inayotafuta neno kwa sura yake itahesabu mazazi manne pale palipozaliwa kitu kimoja, na wingi wa kusikika utagawanyika hata usionekane. Kamil Ud Deen, aliyeuchunguza usemi wa watoto wa Nairobi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, alionyesha kwamba watoto hao huangusha mara nyingi viambishi vya nafsi na vya wakati, ilhali irabu ya mwisho ya kitenzi wanaishika; "taka maji", husema mtoto, na hapana mtu mzima aliyempa sentensi hiyo kwa umbo hilo. Ni dhahiri basi kwamba mashine ingelazimika kwanza kufundishwa kulipasua neno, ndipo ihesabu.

Na kile kipimo cha sentensi zinazofupishwa na wazazi nacho kingetudanganya. "Nitakupa" ni neno moja lenye mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Mama anayeacha kusema "nitakupa maji" akasema "maji haya" amerahisisha usemi wake sana, lakini kwa hesabu ya maneno hajafupisha chochote, mawili yamebaki mawili. Ingebidi zihesabiwe sehemu za neno badala ya maneno, na waandishi wa kunakili wakubaliane tangu mwanzo namna ya kuandika kilichoangushwa na mtoto, ama sivyo kila mmoja atamkamilishia kwa kalamu yake, kama sikio la mzazi linavyomkamilishia.

Kwa Deb Roy mwenyewe ustadi wa kuoanisha usemi na picha haukubakia nyumbani, maana kampuni aliyoshiriki kuiasisi, Bluefin Labs, iliutumia katika kulinganisha vipindi vya televisheni na yale watu wanayoyasema juu yake, nayo ikanunuliwa na Twitter mwaka 2013. Atakayetaka kuanza huku kwetu hahitaji mtaji wa namna hiyo. Anahitaji familia moja yenye radhi, kinasa sauti chenye kitufe cha kufuta, kanuni ya kuandika viambishi iliyokubaliwa kabla ya kanda ya kwanza, na waandishi wawili waliokulia katika lahaja ya nyumba ile, maana mtu wa Bara akimsikiliza mtoto wa Pemba ataandika kosa pasipo na kosa.