Mguso wa Pili

Ipo sheria moja inayoufanya mpira wa wavu kuwa mwalimu mkali kwa wenye vipaji: hakuna ruhusa ya kukaa na mpira. Kwenye soka mchezaji mahiri anaweza kuuchukua katikati ya uwanja, akawapita mabeki watatu na kufunga, wenzake wamesimama wanamtazama. Kwenye wavu hilo halipo. Ukiacha mguso wa kuzuia pale wavuni, ukishaugusa mpira lazima umwachie mwenzako, na ndani ya miguso mitatu mpira uwe umerudi kwa wapinzani. Msichana hodari kuliko wote wilayani Ngara, mkoani Kagera, hawezi kuchukua ubingwa peke yake, hata akitaka.

Nataka kuusifu mguso wa pili. Wa kwanza ni wa kupokea, na akipokea mtu aliyejitupa chini watu humpigia makofi. Wa tatu ni wa kupiga, na huo ndio unaowainua mashabiki kutoka kwenye nyasi. Wa pili ni wa seta. Anauinua mpira, anageuza shingo kutazama mwenzake anavyopiga, na shangwe zote zinamwendea mpigaji. Hata hivyo, ukiniuliza msimu wa ubingwa wa wasichana wa sekondari hujengwa na nani, nitakuonyesha huyo.

Tazama mikono yake. Viganja viko juu kidogo ya paji la uso, vidole vimekunjuliwa, vidole gumba vimeelekea nyuma. Mpira unaingia na kutoka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukikawia kidogo tu, mwamuzi anapuliza filimbi: umebeba. Mkono mmoja ukitangulia mwingine, anapuliza tena: umegusa mara mbili. Mpira ulioinuliwa sawasawa karibu hautoi sauti, na mzoefu anaweza kufumba macho pembeni ya uwanja akajua kwa kusikia tu kama seta ameamka vizuri siku hiyo.

Lakini walimu wanaoijua kazi hii hawaanzi na mikono, wanaanza na miguu. Mpira wa kwanza mara nyingi huja vibaya. Aliyepokea aliyumba, au mpira umechepuka kuelekea nje, na seta hana nafasi ya kulalamika. Anakimbia, anafika chini ya mpira mapema, anasimama, anauinua kana kwamba ulikuwa umeletwa vizuri. Mpigaji akipata mpira safi hata hajui kwamba sekunde moja iliyopita kulikuwa na kosa. Sijui ufundi mwingine wa kiwanjani wenye utu kama huo, wa kulirekebisha kosa la mwenzako mbele ya watu wote bila mtu hata mmoja kuliona.

Halafu kuna mzunguko. Kila timu inapoipokonya nyingine zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wake sita husogea nafasi moja kufuata mwelekeo wa saa. Kwa hiyo seta aliyekuwa wavuni hujikuta kona ya nyuma. Timu yake inapopokea, haruhusiwi kuwatangulia wenzake wa mbele kabla mpira wa kuanzisha haujapigwa; ukishapigwa tu, anachomoka kati ya wenzake, asimkinge yeyote anayetaka kupokea, na awe amefika wavuni kabla mpira haujamfikia. Haya yote yanafanyika ndani ya mita tisa kwa tisa, nusu ya uwanja wa mita 18.

Vipimo hivyo ni vilevile Paris na Rulenge, huko Ngara. Wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24, mpira una uzito wa gramu 260 hadi 280. Kinachotofautiana ni mahali. Ngara ni nchi ya vilima, na kiwanja cha shule kilichochongwa kwa majembe mgongoni mwa kilima hakina ukuta wa kuzuia upepo. Mwezi wa Juni, kiangazi kimeshika na vumbi jekundu linapanda hadi magotini, mpira ulioinuliwa juu sana unaweza kusogezwa na upepo hadi upande usiotakiwa. Seta wa huko hujifunza kuinua mpira wa chini, wa haraka, usioupa upepo nafasi. Hujifunza pia kutazama miti kabla ya kuanza mchezo. Naamini msichana aliyekomazwa na upepo huo akiingizwa ndani ya ukumbi wenye dari ataona mpira umekuwa mtiifu kupita kiasi.

Utaratibu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, nao una jambo ninalolipenda sana. Shule hushindana ndani ya halmashauri, kila halmashauri huunda timu moja, zote nane za Kagera hukutana, kisha mkoa huchagua wachezaji wake wa kwenda mashindano ya taifa, kama yaliyofanyika Tabora mwaka 2022 na 2023. Maana yake ni kwamba msichana wa Ngara aliyekuwa akimwekea ukuta mwenzake wa Biharamulo anaamka siku chache baadaye wamevaa jezi moja. Hata barabara inawalazimisha kujuana: kutoka Ngara kwenda Bukoba gari linashuka kwenye barabara kuu ya Rusumo, linapita Nyakahura na Lusahunga katikati ya malori yanayoelekea Kigali na Bujumbura, linaingia Biharamulo mjini penye boma la Wajerumani, ndipo lishike njia ya Muleba. Nyumbani wa Ngara anazungumza Kihangaza au Kishubi, wa Biharamulo Kizinza au Kisukuma. Kiwanjani wana maneno machache ya Kiswahili yanayotosha: wangu, acha, nje.

Ugumu unaobaki ni wa muda. Mpigaji mmoja huanza hatua zake mpira ukiwa bado unapanda. Mwingine husubiri uanze kushuka. Seta na mpigaji ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: anayechelewa kidogo anagonga mchi wa mwenzake. Kambi ya mkoa ni fupi, na ndani yake seta lazima azisome hatua za wasichana ambao hadi jana alikuwa akizisoma ili awashinde. Timu inayolimaliza somo hilo kambini ndiyo inayorudi na kombe.

Jirani zetu wa Kenya wanajua thamani ya kazi hii. Timu yao ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, imefika Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris. Huko Athens seta wao mmoja alikuwa Janet Wanja. Alipoacha kucheza akawa mkufunzi wa viungo wa timu hiyohiyo, na alipofariki Desemba 2024 Kenya ilimlilia. Na mwaka 1964, wavu wa wanawake ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, dhahabu ilikwenda kwa Wajapani ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, wakifanya mazoezi baada ya saa za kazi chini ya kocha Hirobumi Daimatsu. Waliwafunga Wasovieti seti tatu kwa bila. Sifa yao kubwa ilikuwa kupokea: kujitupa, kubiringika na kuinuka ili mguso wa pili uwe mwepesi. Msichana wa Biharamulo akijitupa vile kwenye changarawe anaacha ngozi ya kiwiko chini, na bado wapo wanaojitupa.

Mrefu mwenye nguvu anaweza kutokea tu shuleni, akafundishwa kupiga ndani ya muhula. Seta hapatikani hivyo. Hufundishwa na seta wa kidato cha juu, jioni baada ya jioni, kabla huyo hajamaliza shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchini kwa muda, na hasara hiyo kwa maoni yangu iliwaangukia maseta zaidi kuliko wapigaji. Mnyororo wa mkono kwa mkono ukikatika, hakuna kitabu kinachouunga.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaokaa kuchagua timu ya mkoa wabadili mpangilio wa karatasi yao. Najua macho huwakimbilia warefu wanaopiga kwa kishindo, na hao wanahitajika. Ila waanze na seta. Wampate kwanza yule mfupi wa Ngara anayefika chini ya kila mpira mbovu, wamwandike namba moja, kisha wamuulize yeye ni wapigaji gani wa Biharamulo, Karagwe au Missenyi walimsumbua zaidi, na hao ndio wamfuate kwenye orodha.