Sevilla: Kamba Iliyofika Maji

Kisima kina kina cha pima kumi, kamba yako ina pima tisa. Ukiitumbukiza ndoo hupati tisa kwa kumi ya maji; hupati hata tone. Hadi mwaka 2006, mji wa Sevilla, kusini mwa Hispania, ulikuwa na kamba ya namna hiyo. Ulikuwa na takriban kilomita 12 za njia za baiskeli, vipande vipande, kimoja huku na kingine kule, na karibu hakuna aliyezipita. Baiskeli zilibeba chini ya asilimia 1 ya safari za mjini. Maelezo yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu: Waandalusia hawapendi baiskeli, na hata wangependa, nani apige pedali kwenye joto la Julai linalovuka nyuzi 40?

Miaka mitano baadaye zilihesabiwa safari za baiskeli takriban 70,000 kwa siku. Joto halikupungua.

Siasa nitaipita haraka. Baada ya uchaguzi wa 2003, Wasoshalisti wa meya Alfredo Sánchez Monteseirín walihitaji mshirika ili kuongoza jiji, na mshirika huyo, Izquierda Unida wa mrengo wa kushoto, alikuja na dai la mtandao wa baiskeli. Chama cha waendesha baiskeli A Contramano, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa kimelipigania dai hilo kwa miaka mingi. Bila mlango huo kufunguka, michoro ingebaki kabatini. Ila milango ya siasa hufunguka katika miji mingi, na inayoishia kupaka rangi mtaa mmoja na kukata utepe ni mingi vilevile.

Tofauti ya Sevilla ni kwamba kazi haikugawanywa mtaa kwa mtaa. Manuel Calvo, aliyepewa kazi ya usanifu, alichora mtandao wa msingi wa karibu kilomita 80, na ukajengwa wote kwa mpigo mmoja: kazi zilianza 2006, na kufikia mwisho wa 2007 sehemu kubwa ilikuwa inapitika. Hesabu yake ni ya duka. Kipande cha kwanza cha njia kinapojengwa, mwenye duka anapoteza maegesho siku hiyohiyo, na analalamika siku hiyohiyo. Mwendesha baiskeli, kwa upande wake, hatokei mpaka njia imfikishe kazini na kumrudisha nyumbani. Ukijenga kidogo kidogo, kila mwaka unalipa hasara na kila mwaka faida inasubiri. Diwani gani atavumilia miaka kumi ya hivyo?

Maegesho yaliondoka kweli, nafasi zipatazo 5,000. Hapo ndipo ilipopatikana ardhi, kwa kuwa majengo hayasogei na waenda kwa miguu walikwisha kubanwa. Njia iliwekwa upande mmoja wa barabara, ya kwenda na kurudi, upana wa mita 2.5, ikapakwa rangi ya kijani. Halafu, badala ya kuiacha usawa wa lami, waliinyanyua ikawa sawa na njia ya miguu. Mimi naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote, ingawa pichani hauonekani. Mstari wa rangi kwenye lami ni ombi tu kwa dereva. Ukingo ulioinuka haumwombi kitu. Na meya ajaye akitaka kuyarudisha maegesho, hatatosheka na ndoo ya rangi. Itabidi alete nyundo za kuvunjia zege mbele ya wapiga kura. Mwaka 2011 jiji lilichukuliwa na chama kingine, ari ya kuupanua mtandao ikapoa, lakini njia zilibaki.

Ricardo Marqués, mwanaharakati wa A Contramano, ni profesa wa sumakuumeme katika Chuo Kikuu cha Sevilla. Haishangazi kwamba mtu wa saketi ndiye aliyekwenda kupima kilichotokea. Katika utafiti aliouchapisha na mwenzake mwaka 2017, hatari kwa kila safari ya baiskeli ilishuka kwa kasi pale hasa vipande vilipounganika kuwa mtandao. Kilomita peke yake hazitoshi kueleza mshuko huo. Waya uliokatika mahali pamoja hauwashi taa, hata uwe mrefu namna gani.

Gharama ya mtandao, uliofika kilomita 120 mwaka 2010, ilitajwa kuwa euro milioni 32 hivi, fedha ambazo kwenye barabara kuu za mijini huisha ndani ya kilomita chache.

Dosari zipo. Njia ya pande mbili upande mmoja wa barabara ina mtego kwenye makutano: dereva anayekata kona huangalia magari yanakotoka, na baiskeli humjia kutoka upande asioutarajia. Sevilla ilikubali mtego huo kwa kuwa kujenga pande zote mbili kungemaanisha kuchimba mara mbili na kunyang'anya maegesho mara mbili.

Anayepita Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ameziona njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na barabara za mabasi ya mwendokasi. Ukingo upo, upana upo, na mahali pengine bodaboda zipo pia, zimeegeshwa katikati. Ukiacha barabara hiyo na kuingia mtaani, kamba imeisha. Lakini hata tukiiunganisha, kipimo cha Sevilla kisinakiliwe hivihivi. Mita 2.5 zinamtosha mwanafunzi mwenye begi mgongoni akipishana na mwenzake. Mchoma mkaa wa Kisarawe hushuka mjini na magunia yaliyotanuka kulia na kushoto kwa keria. Akikutana na muuza mikate mwenye kreti zilizopangwa hadi kisogoni, mmoja wao atalazimika kushuka.