Kwanza Uliza Maji

Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, maji yakishapwa vizuri pale Kilindoni, kisiwani Mafia, nawapeleka wanafunzi wangu wa historia ufukweni tukachimbe mto. Vitabu tunaviacha darasani. Tunabeba majembe mawili, kamba, ndoo ya majani ya mkoko na vifuu vya nazi. Kwa majembe tunachimba milango ya Rufiji: Simba Uranga, Suninga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Majani ya mkoko tunayachomeka kingoni, ili anayeingia asione kilichojificha nyuma yake. Kifuu kikubwa tunakiweka ndani kabisa, penye kona ya mkondo. Hicho ndicho manowari Königsberg ya Wajerumani. Vifuu viwili vidogo vinabaki nje, upande wetu wa Mafia. Hivyo ni Severn na Mersey za Waingereza. Kisha nawagawa wanafunzi makundi mawili, hawa walinde mto na hawa wauingie. Swali ni moja: mtaingiaje mahali ambapo mnajua mnangojewa?

Nimelirudia zoezi hili miaka kadhaa, na kila nikilirudia nazidi kuuheshimu ufundi ambao watu hawauimbi. Shujaa huimbiwa. Mpangaji haimbiwi, kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri, watu huiona kama bahati. Vita sivisifu. Vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, havikuwa vyetu, vilipiganwa tu juu ya maji yetu na migongo ya watu wetu. Ninachokisifu ni akili ya mtu anayekaa chini kabla ya hatari, akauliza maswali yote ambayo hatari itamuuliza baadaye, tena bila kumpa nafasi ya kufikiri.

Kisa chenyewe kinajulikana hapa kisiwani. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg, chini ya nahodha wake Max Looff, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya pili tu ya mlango-bahari wetu. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham iliigundua, lakini kugundua ni jambo moja na kufikia ni jingine. Manowari kubwa za Waingereza zilihitaji kina ambacho mafungu ya Rufiji hayana. Mwezi Novemba wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kumfungia adui ndani. Ila Rufiji ni nyumba yenye milango mingi, na kufunga mmoja hakumzuii mwenyeji kutoka kwa mwingine. Kilichobaki kilikuwa kuingia.

Hapo ndipo Mafia ilipoingia katika hesabu. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, kwa mapigano ya siku chache yaliyofikia Ngombeni. Walihitaji mahali pa kukaa wakiutazama mto, mahali pa kurushia ndege, na maji tulivu ya kutengenezea vyombo. Tarehe 3 Juni zikafika Severn na Mersey, zikiwa zimekokotwa kutoka Malta. Zilikuwa monita, yaani vyombo vipana vya kina kifupi, vilivyoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil na kununuliwa vita vilipoanza. Kwa bahari kuu zilikuwa dhaifu. Kwa mto zilikuwa ndizo.

Wanafunzi wangu wakifika hapa hutaka kuvisukuma vifuu ndani mara moja. Nawazuia. Nawaambia watazame kalenda: monita zilifika tarehe 3 Juni, shambulio la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai. Mwezi mzima na zaidi! Siku hizo zote walizitumia hapa, kwenye maji ya Mafia. Waliongeza mabamba ya chuma juu ya sitaha, wakapanga viroba vya mchanga, wakajaza madebe matupu ndani ili chombo kikitobolewa kisizame upesi. Walisafisha uwanja wa ndege hapa kisiwani. Walifanya mazoezi ya kupiga shabaha wasiyoiona, rubani akiwa juu anatazama risasi inapoangukia na kuwaambia kwa simu ya upepo waongeze au wapunguze, waende kushoto au kulia. Kwa maana mikoko ya Rufiji ni ukuta. Wa huku asingemwona wa kule, nao wangepigana kwa umbali wa kilomita kama kumi.

Naye mlinzi alikuwa fundi, na ni lazima nimpe haki yake. Kingoni mwa milango alikuwa ameweka askari, mahandaki na mizinga midogo. Alikuwa ametandaza nyaya za simu mikokoni na kuweka waangalizi mahali pa juu, ili Königsberg, iliyokuwa kipofu kama maadui zake, iwe na macho mdomoni mwa mto. Kundi la walinzi katika zoezi letu hujifunza hapa kwamba kulinda kivuko si kuziba kila shimo. Ni kujua mapema ni shimo gani limeingiliwa, kisha kulielekezea nguvu zote.

Alfajiri ya tarehe 6 Julai, Kapteni Eric Fullerton aliiongoza Severn kuingia mlango wa Kikunya, Mersey ikifuata, risasi zikitoka kingo zote mbili. Siku ile haikwenda vizuri. Mersey ilipigwa, mzinga wake wa mbele ukanyamaza, na mabaharia wakafa. Walipiga risasi za mizinga zaidi ya 600, chache tu zikafika. Sababu mojawapo ilikuwa ndogo sana: monita zote mbili zilikuwa zikipiga kwa wakati mmoja, na rubani akiona maji yanaruka hakujua ni risasi ya nani amsahihishe nani. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Alasiri wakatoka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ndiyo hiyo inayofuata, nayo haina mlio wa mzinga hata mmoja. Ni siku nne za kati. Mtu mwenye kiburi angerudi kesho yake kwa mpango uleule na hasira zaidi. Hawa walitengeneza vyombo, wakaketi, wakajiuliza kosa liko wapi, wakabadili. Katika safari ya pili ingepiga monita moja tu kwa wakati mmoja, nyingine ikijiweka mahali pa kuvuta macho ya adui. Wangesogea karibu zaidi. Tarehe 11 Julai wakarudi, na mara hii masahihisho ya rubani yalikuwa na mwenyewe. Ndege ya rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa, ikaanza kushuka, na huku inashuka Arnold akaendelea kutuma masahihisho mpaka wakaanguka mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Alasiri ile Königsberg ilikuwa inawaka, na Looff akaamuru wailipue wenyewe.

Ushujaa wa Arnold naukubali. Lakini nawauliza wanafunzi: masahihisho yale ya mwisho yangefaa nini, kama siku zilizotangulia pasingekuwa na mtu aliyeamua kwamba apige mmoja tu? Ujasiri ni shehena. Mpango ndio chombo. Bila chombo, shehena nzuri inazama kama ile mbaya.

Mwaka mmoja tulikuwa katikati ya zoezi alipopita nahodha mzee wa Jibondo, ameshika ndara mkononi. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akasimama kutazama mfereji wetu. Wakamweleza kwa fahari: hapa mizinga, hapa ndege, hii tarehe 6, hii tarehe 11. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hizo tarehe za Kizungu nimezisikia. Mwezi ulikuwa tarehe ngapi?"

Hakuna aliyejua, na mimi mwalimu wao sikujua. Nilikuwa nimelifundisha zoezi la kuingia mto bila kuuliza maji.

Jioni ile nilikaa na hesabu. Ramadhani ya mwaka 1333 wa Hijria iliingia katikati ya Julai 1915. Basi tarehe 6 Julai ilikuwa kama mwezi 23 Shaabani, na tarehe 11 Julai kama mwezi 28. Mtoto wa Mafia hahitaji kitabu kuyaelewa hayo. Mwezi 23 ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na huanza kupanda karibu na alfajiri. Mwezi 28 yanakwenda bamvua: yanapwa sana asubuhi, kisha yanapanda kwa nguvu kuelekea alasiri. Nikarudi kwenye saa za kuingia. Safari ya kwanza waliingia kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri. Safari ya pili, karibu saa sita mchana. Miaka yote nilikuwa nikizisoma saa hizo kama saa tu. Kumbe kwa hesabu ya mwezi, zote mbili ni saa za maji kujaa. Chombo kikikwama kwenye fungu wakati maji yanajaa, ngoja kidogo, yatakuinua. Kikikwama yakiwa yanapwa, utakaa hapo mbele ya mizinga ya adui hadi yakukumbuke tena.

Nayajua hayo kwa mwili wangu. Nikiwa kijana, nilipanda chombo kutoka bara ambacho nahodha wake aliondoka amechelewa kwa sababu ya kungoja abiria wawili zaidi. Tukakwama. Maji yakatuacha polepole, chombo kikalala ubavu, na usiku kucha kina mama walikumbatia watoto na mbu wa mikokoni. Hapakuwa na adui. Palikuwa na maji tu, na mtu ambaye hakuyauliza.

Kwa hiyo sasa zoezi letu lina utaratibu. Swali la kwanza ni la maji: mwezi ngapi, yanajaa au yanapwa, kina ni pima ngapi, upepo ni kusi au kaskazi. La pili ni la njia: mlango gani, na ukizibwa tunao upi mwingine. La tatu ndilo la adui: yuko wapi, anaona kwa macho ya nani. La nne wanafunzi hulisahau karibu kila mwaka, nami huwangoja walisahau ndipo niulize: mmeshaingia, mtatokaje, na mtajuaje kwamba wote wametoka?

Maswali hayo hayakuzaliwa Kikunya wala hayakufia hapo. Januari 1917 jeshi la Waingereza chini ya Jan Smuts lilifika Rufiji huko juu, Kibambawe, likakuta Wajerumani wamevuka na kulibomoa daraja. Askari wa Smuts wakavuka kwa mashua, na kikosi kingine kikapita sehemu ya juu zaidi ya mto. Huko maji yalipewa nafasi yake ya mwisho: masika ya mwaka ule yaliugeuza Rufiji kuwa bahari, na waliokwisha kuvuka wakaona njaa kwa sababu chakula kilikuwa ng'ambo. Novemba 1978 ilikuwa zamu yetu. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilivunja daraja la Kyaka, na kabla ya jemadari yeyote kuzungumza habari ya kulikomboa eneo lililotekwa, palikuwa na wahandisi wa JWTZ waliotakiwa kujibu jambo moja: vifaru vitavukaje Kagera? Wakalaza daraja la kuelea. Wazee wetu wanakumbuka nyimbo za vita vile. Mimi huwakumbuka pia waliopima upana wa mto.

Kuna watu wengine ambao zoezi huwasahau, nami sitaki wasahauliwe. Mizinga kumi ya Königsberg iliopolewa mtoni baada ya meli kufa, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu kamba mabegani, ikapigana miaka mingine. Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa, na watalii hupiga nao picha. Waliouvuta hawana picha. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na mtaa wa Kariakoo pale Dar es Salaam umebeba jina la kikosi chao hata kama wanunuzi hawajui. Mpango uliowasahau wapagazi ulikuwa mpango mbovu, hata pale uliposhinda. Ufundi ninaousifu hauishii kwenye kufika. Unamhesabu anayebeba.

Julai iliyopita niliwapa wanafunzi karatasi, kila mmoja aandike mpango wake kabla hatujagusa jembe. Nikaja na taa usiku kuzisoma. Nyingi zilianza na mizinga. Moja, ya msichana ambaye baba yake ni mvuvi wa Bweni, ilianza hivi: "Mwezi 23. Maji mafu. Yanaanza kujaa alfajiri." Kisha njia, kisha adui, kila kitu mahali pake. Mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya mstari alioupiga kwa rula, alikuwa ameandika maneno matatu, nami nikayasoma mara nyingi kabla ya kuizima taa: "Wakirudi, tuwahesabu wote."