Jiwe la Jedwabne na kitabu cha Jan Gross



Kuna vitabu vidogo vinavyotikisa nchi nzima. Kimoja ni cha mwanahistoria Jan T. Gross, Sąsiedzi, yaani Majirani. Kilitoka kwa Kipolandi mwaka 2000 na kwa Kiingereza 2001, na khabari yake ni ya siku moja tu, tarehe 10 Julai 1941, katika mji mdogo wa Jedwabne, kaskazini-mashariki ya Poland. Nnataka kukitolea maoni kwa sababu naona wanaokisifu na wanaokilaani mara nyingi wote wanaliwacha pembeni suala lenyewe.

Kwanza khabari kwa ufupi. Wasovieti waliikalia sehemu ile tangu 1939. Juni 1941 Wajerumani wakawafukuza na kuishika wao. Wiki chache baadae Mayahudi wa Jedwabne walikusanywa uwanja wa soko, wakapigwa na kudhalilishwa. Kundi moja lililazimishwa kubeba sanamu la Lenin, kisha wakauliwa. Waliobaki, wanawake na watoto wakiwemo, wakafungiwa ndani ya banda la kuwekea mavuno, na banda likatiwa moto.

Miaka ya 1960 likawekwa jiwe la kumbukumbu. Jiwe lilisema kwamba Gestapo na askari wa Hitler waliwachoma watu 1,600. Gross akaja akasema siyo hivyo. Wajerumani walikuwapo na waliridhia, lakini mikono iliyokusanya, iliyopiga na iliyowasha moto ilikuwa ya raia wa Kipolandi, majirani wa hao hao waliochomwa.

Nguvu ya kitabu iko katika majalada ya mahkama. Mei 1949 watu 22 walishtakiwa kwa mauaji hayo katika mji wa Łomża, na 12 wakatiwa hatiani. Maana yake dola ilijua. Majina yalikuwamo ndani ya majalada zaidi ya miaka kumi kabla ya jiwe, na bado jiwe likaandikwa vile. Hapa ndipo paliponigusa. Tumezowea kusema kwamba watu wamesahau. Jedwabne hapakuwa na kusahau. Majirani walijua, mahkama ilijua, na kilichoandikwa hadharani kikawa chengine.

Sasa udhaifu wake. Gross anasema kauli za manusura zichukuliwe kuwa ni kweli mpaka upatikane ushahidi wa kuzivunja. Hoja yake ni kwamba walioona zaidi wote wameuliwa, na tunaowasikia ni wachache waliobahatika kupona. Shahidi wake mkubwa ni Szmul Wasersztajn, aliyetoa maelezo yake 1945. Wale kati yenu mliosoma ilimu ya hadithi, ambako msimulizi hupimwa kwanza ndipo kauli yake ikapokelewa, bila shaka mtashtuka. Mimi nakubaliana na Gross nusu. Kumkabili shahidi kwa shaka kabla hajafungua mdomo ni kumzawadia muuaji kwa sababu hakubakisha mtu. Lakini kumuamini mtu siyo kuacha kumuuliza.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hisabu. Gross alisema waliouliwa ni 1,600. Ndiyo hisabu ile ile ya jiwe, jiwe ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyetuonesha kuwa halisemi kweli! Mwaka 2001 Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland ilifukua sehemu ya makaburi. Kazi ilisita mapema, kwani sheria ya dini ya Kiyahudi inakataza kuwasumbua maiti. Uchunguzi ulipomalizika ulisema waliouliwa hawapungui 340.

Wapinzani wake wakaishika 340 kama ngao. Lakini uchunguzi huo huo ulisema pia kwamba Wajerumani walichochea na kwamba waliotenda ni Wapolandi, wasiopungua 40. Mtu hawezi kuchukua ukurasa mmoja wa ripoti akauchana wa pili. Anayeitaka 340 aichukue na 40 yake. Gross alikosea katika idadi ya waliokufa, lakini kuhusu nani aliyewauwa hoja yake imesimama.

Tuhuma nyengine inatuhusu sisi moja kwa moja. Gross alizaliwa Warsaw 1947, akaondoka 1969 baada ya kampeni ya 1968 dhidi ya Mayahudi, akasomesha Marekani. Basi ikasemwa: huyo katoka zamani, anakaa kwa watu kulitukana kwao. Sisi tulioko Muscat, London na Toronto tunaijua lugha hiyo vizuri. Jawabu langu ni kwamba kuondoka hakumpi mtu haki ya kuaminiwa, wala hakumuondolei haki ya kuandika. Aulizwe ushahidi wake, asiulizwe anakaa wapi. Majalada ya 1949 yalikuwa Poland muda wote.

Tarehe 10 Julai 2001 Rais Aleksander Kwaśniewski aliomba radhi pale pale Jedwabne. Jiwe la zamani liliondolewa, likawekwa jipya. Hilo linawataja waliochomwa, lakini halisemi nani aliyewachoma. Yaani uongo ulifutwa, na mahala pake pakawachwa wazi. Mwaka 2011 likachafuliwa kwa alama ya Kinazi. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya kumfunga mpaka miaka mitatu anayelibebesha taifa la Poland makosa ya Wanazi. Kifungo kiliondolewa mwezi wa Juni mwaka ule ule, na kazi za kitaalamu zilikuwa zimevuliwa tangu mwanzo, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika.

Kwa wanaosema Gross kawachafua Wapolandi wote, namtaja Antonina Wyrzykowska, Mpolandi vile vile. Aliwaficha Mayahudi saba nyumbani kwake, Wasersztajn mmoja wao, mpaka Wajerumani walipofukuzwa sehemu ile. Malipo yake? Alipigwa na majirani, akauhama mtaa. Kama waliouwa walikuwa Wajerumani peke yao, kwa nini apigwe yeye aliyeokoa? Kitabu kisomwe, hisabu yake isahihishwe, na suala hilo lijibiwe.

Nangojea michango yenu.