Wanaomnukuu Tutu kuhusu msamaha wamemsoma nusu

YALIYOPITA si ndwele, tugange yajayo. Methali hii haikosi vinywani mwa wanasiasa wetu kila damu inapomwagika. Ikishatamkwa, jina la Askofu Mkuu Desmond Tutu halikawii kufuata. Tunaambiwa Afrika Kusini ilisamehe, Tutu alihubiri msamaha, na kwa hivyo mama aliyefiwa kule Kiambaa au Naivasha mapema 2008 ajipanguse machozi ili taifa lisonge mbele.

Hoja yangu leo ni kwamba anayemtumia Tutu hivyo ama hajamsoma au amemsoma nusu. Vitabu vya askofu huyu, vikisomwa kwa pamoja, ni bishano refu na methali hiyo. Kwake yaliyopita ni ndwele hasa, tena ndwele isiyojiponya.

Tutu (1931-2021) si mgeni kwetu. Kuanzia 1987 hadi 1997 alikuwa rais wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Kituo cha mikutano chenye jina lake kipo pale Waiyaki Way, na maelfu hukipita kila siku wakielekea Westlands au Kangemi. Mwanzoni mwa Januari 2008, moto ukiwa bado unawaka, alikuja Nairobi kujaribu kuwashawishi Mwai Kibaki na Raila Odinga wakae meza moja. Alikuwa miongoni mwa wapatanishi wa kwanza kufika, kabla ya Kofi Annan.

Hebu tuanze na haki, maana ndiko Tutu mwenyewe alikoanzia. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule, akaiacha kazi hiyo kwa kuipinga sheria ya elimu ya Wabantu ya 1953 iliyokusudia kumfunza mtoto Mweusi utumishi tu. Mei 1976 alimwandikia Waziri Mkuu John Vorster barua ambayo hadi leo ni miongoni mwa maandishi yake bora zaidi. Haina matusi wala vitisho. Anamwandikia Vorster kama mtu kwa mtu, kama baba mwenye watoto kwa baba mwenzake, kisha anamwonya kwamba watu walionyimwa utu wao hawatavumilia milele. Vorster aliipuuza. Hazikupita hata wiki sita, na tarehe 16 Juni wanafunzi wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi barabarani.

Barua hiyo inatuonyesha mambo mawili yanayorudi katika kila kitabu chake. La kwanza ni kwamba humwita mkosaji kwa jina na kosa lake kwa jina. La pili ni kwamba hata anapomkemea hamwondolei ubinadamu. Mkosaji, kwa Tutu, ni mtu aliyejiharibia utu wake kwa kuuharibu wa mwenzake.

Hapa ndipo dhana ya ubuntu inapoingia, na msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa hahitaji tafsiri. Ubuntu ni utu. Mzizi ni ule ule, na hata kiambishi ni cha ukoo mmoja. Wazungu wameandika kurasa na kurasa wakilifafanua neno hili, ilhali sisi tunasema tu "mtu ni watu" na kazi imekwisha. Nadhani ndiyo maana tunamsoma Tutu haraka haraka. Anasema tunachokijua, basi tunadhani tumemwelewa.

Lakini neno lisiloeleweka upesi ni msamaha. Kitabu chake kinachotajwa zaidi ni No Future Without Forgiveness (1999), yaani hakuna mustakabali bila msamaha. Anasimulia humo kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano aliyoiongoza kuanzia mwishoni mwa 1995, na ambayo ripoti yake ya majuzuu matano alimkabidhi Rais Nelson Mandela Oktoba 1998. Waathiriwa zaidi ya 21,000 walitoa taarifa. Watu zaidi ya 7,000 waliomba wasishtakiwe kwa maovu waliyoyatenda.

Angalia nimesema "wasishtakiwe". Katika magazeti yetu, jambo hilo nalo huitwa msamaha, na mkanganyiko unaanzia hapo. Kiswahili chetu cha ofisini kinatumia neno hilo moja kwa mambo mengi. Kuna msamaha wa kodi, msamaha wa Rais kwa wafungwa, na ule msamaha wa mjane kwa aliyemuua mumewe. Tutu anatenganisha vitu hivi kabisa. Kile kilichotolewa na kamati ya tume kilikuwa kinga dhidi ya mashtaka. Kilitolewa na sheria, kwa masharti. Mwombaji aombe mwenyewe kwa jina lake, aeleze ukweli wote, na aonyeshe kwamba kitendo chake kilikuwa cha kisiasa. Maombi mengi yalikataliwa. Tena, jambo linalowashangaza wengi, sheria haikumtaka mwombaji ajute.

Msamaha wenyewe ni kitu kingine. Huo unatoka kwa aliyeumizwa, na hakuna tume wala bunge linaloweza kuutoa kwa niaba yake. Tutu anasimulia kwa heshima kubwa habari za waliosamehe, lakini haandiki kwamba waliokataa walikosea. Familia ya Steve Biko, pamoja na wenzao, ilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka wa 1996 kuipinga sheria hiyo kwa kuwa iliwanyima haki ya kushtaki. Ilishindwa kortini, ila maswali yake hayajaisha hadi leo.

Katika The Book of Forgiving (2014), alichoandika na bintiye Mpho, njia ya msamaha ina hatua nne. Unasimulia kilichotokea. Unataja jinsi kilivyokuumiza. Ndipo unasamehe. Mwisho unaamua kuufufua uhusiano au kuuacha uende zake. Kumbe kusamehe ni hatua ya tatu! Wanaotuhimiza tusamehe wanataka turuke mbili za kwanza. Hata ile ya nne wengi hawaijui, kwamba mtu anaweza kusamehe na bado asitake tena ujirani na aliyemdhulumu.

Kiswahili kinatusaidia hapa pia. Mtu anaweza kusamehe akiwa peke yake chumbani. Lakini hawezi kuridhiana peke yake, maana kile kiambishi "-an-" kinadai watu wawili. Tutu anashikilia tofauti hiyo hiyo. Msamaha hauhitaji kungoja mkosaji atubu, la sivyo mwathiriwa atabaki mateka wa mtu yule yule aliyemtesa. Maridhiano ndiyo yanayomdai mkosaji kitu. Alipenda kutoa mfano wa mtu aliyekuibia kalamu, akaja kuomba radhi huku kalamu akiwa bado nayo. Hapo hakuna kilichofanyika.

Mfano huo wa kalamu ndio unaotufikisha kwenye udhaifu wa maandishi yake. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, aliikosoa tume kwa kuwatambua kama waathiriwa wale tu walioteswa, waliouawa au kutekwa, huku mamilioni walionyang'anywa ardhi, waliohamishwa kwa nguvu na waliofungwa kwa kukosa pasi wakiachwa nje ya daftari. Wole Soyinka naye aliuliza iweje ukweli utolewe bila fidia. Ninaafikiana nao kwa kiasi kikubwa. Ni kweli Tutu anaeleza kwamba hakukuwa na mshindi aliyeweza kumpeleka mwenzake mahakamani kama ilivyofanyika Nuremberg, na kwamba bila mapatano yale pengine uchaguzi wa 1994 usingefanyika. Lakini kuna kurasa ambapo anayaeleza mapatano hayo kana kwamba yalizaliwa na utu wa Kiafrika peke yake. Huo ni ukarimu uliopita kiasi. Wazee waliketi wakapimana nguvu, na mnyonge wa kijijini ndiye aliyeombwa kulipa gharama.

Hata hivyo, lazima tumtendee haki. Hakunyamaza. Tume yake ilipendekeza waathiriwa walipwe kila mwaka kwa miaka sita. Serikali ya Thabo Mbeki ikatoa randi 30,000 mara moja, mwaka wa 2003, na Tutu akalalamika waziwazi. Tume pia iliwakabidhi waendesha mashtaka faili zaidi ya 300 za watu waliokosa kinga, lakini zilizofika mahakamani zilikuwa chache mno. Ilibidi Rais Cyril Ramaphosa aunde tume nyingine mwaka wa 2025 kuchunguza ni kwa nini. Kosa hapo si la msamaha. Ni la serikali iliyouchukua msamaha wa wanyonge na kusahau upande wake wa mkataba.

Sasa furaha. The Book of Joy (2016) kilitokana na wiki moja ya mazungumzo kati ya Tutu na Dalai Lama kule Dharamsala, India, Aprili 2015, na kilipangwa na mwandishi Douglas Abrams. Ni kitabu kitamu. Wazee wawili, mmoja mkimbizi tangu 1959, mwingine mgonjwa wa saratani kwa miaka mingi, wanataniana kama vijana. Kiswahili kinatofautisha raha na furaha, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kitabu. Raha ni kupumzika na taabu. Furaha wanayoizungumzia inakaa nyumba moja na taabu. Huyu ndiye Tutu aliyelia hadharani tume ilipoanza vikao vyake East London mwaka wa 1996, na ambaye miaka mitatu kabla yake, kwenye mazishi ya Chris Hani, aliwaongoza maelfu ya waombolezaji wenye hasira kuimba kwamba watakuwa huru, Weusi kwa Weupe.

Lakini nina neno na kitabu hiki. Kinataja nguzo nane za furaha: mtazamo mpana, unyenyekevu, ucheshi, kuyakubali mambo yalivyo, msamaha, shukrani, huruma na ukarimu. Zihesabu tena. Haki haimo. Msomaji anayekutana na Tutu hapa kwa mara ya kwanza anaweza kufikiri kwamba ni mzee wa kutuliza nyoyo, hodari wa mawaidha ya asubuhi. Atadhani "kuyakubali mambo" ni ile "kubali yaishe" tuliyoimbiwa Wakenya baada ya uchaguzi wa 2013. Kitabu chenyewe kinakana maana hiyo, kwani kinasema kukubali ni mahali pa kuanzia mabadiliko wala si kusalimu amri. Ila ni rahisi kupitwa na sentensi hiyo. Mwaka wa 2011, serikali ya Afrika Kusini ilipochelewesha viza ya Dalai Lama hadi akakosa sherehe za Tutu za kutimiza miaka 80, askofu huyu mcheshi aliifokea serikali ya chama alichokipigania. Ucheshi na ghadhabu vilikuwa vya mtu mmoja. Kwa hivyo namshauri msomaji asome barua ya 1976 kwanza, kitabu cha 1999 kifuate, na hiki cha furaha kiwe cha mwisho.

Turudi nyumbani. Tume ya Afrika Kusini iliitwa ya Ukweli na Maridhiano. Sisi tulipounda yetu tuliongeza neno katikati, ikawa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC). Tuliongeza haki makusudi. Ilipokea taarifa zaidi ya 40,000, idadi iliyoipita ya Tutu karibu mara mbili. Watu wa Wagalla walisimulia ya 1984. Wengine walisimulia ya Nyayo House, ya ardhi Pwani, ya 2007. Yaani wananchi wetu walitimiza hatua ya kwanza na ya pili za Tutu, kwa machozi. Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Machi 2015 aliomba radhi mbele ya Bunge kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, na akatangaza hazina ya Sh10 bilioni. Miaka imepita, na waathiriwa wengi bado hawajaona hata ndururu.

Radhi imeombwa, kalamu haijarudishwa. Basi ijapo siku mheshimiwa asimame jukwaani amtaje Tutu na atuambie tusameheane, tumuulize kwa adabu ripoti ya TJRC imefikia wapi bungeni, na ile Sh10 bilioni iko wapi. Wahenga waliosema yaliyopita si ndwele ndio hao hao waliosema mficha maradhi, kifo humuumbua.