Madoa ya Chui Hupigwa Mwisho

Rangi ya mafuta, hiyo hiyo ya baiskeli na mageti, haitaki haraka. Ukiweka nyekundu juu ya manjano iliyo mbichi, zinavurugana na kazi imekwisha. Kwa hiyo mchoraji wa mtindo wa Tingatinga anayeijua kazi yake huanza na usuli peke yake. Anakipaka kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, pengine rangi moja tu, pengine mbili zinazoingiana taratibu kutoka juu hadi chini, kisha anakiweka kando. Kikishakauka ndipo umbo la chui au kanga linapochorwa. Anaweka kando tena. Macho, manyoya na madoa huja mwisho, na hapo fundi na mwanagenzi hawafichiki. Brashi huchovywa kidogo, huguswa kitambaani, huinuliwa kabla rangi haijatambaa. Mwangalie chui aliyechorwa vizuri: madoa ni makubwa ubavuni, yanapungua kadiri yanavyoshuka mguuni, na hakuna hata moja lililogusana na jirani yake. Mkono hauzaliwi na ustadi huo. Kuna mtu aliyekaa karibu akasema, punguza rangi, ngoja ikauke, rudia sikio.

Wa kwanza katika mlolongo huo wa kufundishana ni Edward Saidi Tingatinga, mwenye jina la mtindo huu, ambaye hakusomea uchoraji popote. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kupigia dari, kwa rangi za kawaida za dukani. Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Katika simulizi za sanaa mke wa namna hii hupewa nusu sentensi. Mimi naona angestahili ukurasa mzima, kwa kuwa picha isiyo na mtu wa kuitoa nje ya nyumba hubaki ubao tu.

Picha zikanunuliwa, na ndugu na jamaa wakasogea. Hapo Tingatinga angeweza kufunga mlango. Soko lilikuwa dogo, na kila mwanafunzi alikuwa mshindani wa kesho. Badala yake aliwakalisha kando yake Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Akawaachia vifaa vile vile, wanyama wale wale, mteja yule yule. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lau angekuwa amejifungia na ujuzi wake, leo tungebaki na mbao chache mikononi mwa wakusanyaji na jina ambalo wachache wangelikumbuka. Lakini wale waliokaa kando yake waliendelea, wakawaleta wadogo zao, watoto wa dada zao na vijana wa mtaani. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika, hapo hapo Oysterbay.

Wako wanaoidharau kazi hii. Wanasema wachoraji wananakiliana, kwamba twiga wa huyu ni twiga wa yule, kwamba ni bidhaa ya watalii. Kweli, ziko picha zilizochorwa kwa pupa, na bei hushuka pale kila mtu anapouza simba yule yule. Hata hivyo, kunakili ndiyo shule yenyewe. Kijana hupewa kwanza usuli apake, kisha kujaza umbo lililochorwa na mwingine, kisha madoa. Jioni mkubwa wake anasogea, anaishika brashi, anarekebisha mkia na kumrudishia bila hotuba. Siku picha yake inapowekwa mbele na za wakubwa, naye anajua amekubalika. Hapo hakuna ada wala cheti, na sijui chuo kinachotoa sifa iliyo wazi kuliko hiyo. Anayekaa hapo muda wa kutosha huanza kuchora vitu vyake: kijiji, hospitali, soko la samaki. Twiga aliyemnakili kwa mwalimu ndiye aliyemfundisha namna ya kupanga watu wote wa picha hizo bila kugongana.

Ukifika Oysterbay, usianze na bei. Tafuta kwanza chui, uyafuate madoa yake mpaka kwenye kwato za jirani yake nyati, halafu soma jina lililoandikwa kwenye kona ya chini. Mwenye jina akiwepo, muulize nani alimshikisha brashi mara ya kwanza, kisha lipa bei inayowatosha wote wawili.