Vifaranga, Kikoba na Siri ya Thika

Chukua kijana wa Ngulyati, hapa Bariadi, aliyeanza kutotolesha vifaranga chotara kwa mashine. Ana simu, ana bando, na yumo kwenye magrupu ya WhatsApp: la wenyeji wa kata waishio Mwanza na Dar es Salaam, la waliosoma pamoja, la kwaya, la wakulima wa pamba, na la kikoba cha mama yake, alikoingizwa ili amsaidie kusoma hesabu. Asubuhi moja anabandika picha ileile kote. Anapata dole gumba kumi na nne na swali moja, "Bei gani?" Akiitaja bei, kimya. Jioni anaapa kwamba mtandaoni hakuna biashara.

Biashara ipo. Kosa lake ni kuyahesabu magrupu yote kuwa gulio moja. Nitalieleza kwa biashara ambayo hata bibi mwenye kitochi anaijua: M-Pesa.

Tukiiona leo tunadhani ilianza na umati. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, miezi 17 kabla ya uzinduzi, kwa mawakala wanane na wateja wasiozidi 500, Nairobi na Thika. Vodafone na Safaricom hawakuwaokota wateja hao stendi. Waliwapata kupitia Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo ambayo wateja wake walishajipanga kwenye vikundi: wanakutana, wanadhaminiana, wanamjua anayelipa na anayejificha siku ya marejesho. Wakapewa simu, wakafundishwa, wakaelekezwa kupokea na kurejesha mikopo kwa simu.

Hapa ndipo penye nyama. Ukimfundisha mtu barabarani, akikwama anaondoka na hasira yake. Ukikifundisha kikundi, aliyekwama anamwuliza jirani, na mwenye lalamiko utakutana naye tena mkutano ujao, atake asitake. Kwa mfanyabiashara mpya lalamiko linalorudi ni mali. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliousimamia mradi, walieleza baadaye waliyoyaona: watu walilipana wao kwa wao, wakawanunulia ndugu wa mbali muda wa maongezi, wengine wakaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wasivamiwe njiani. Hayo hayakuwa ndiyo makusudi ya mradi. Yaliyokusudiwa, yaani marejesho ya mikopo, yakageuka mwiba: hesabu za Faulu na za simu hazikuoana bila watu kukaa kuzilinganisha kwa mkono.

Ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo ulikuwa umewekwa kando. Tangazo lilisema jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Wateja wale mia chache ndio walioiambia kampuni inauza nini.

Kuna mpaka wake, lakini. Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, jina lilikuwa lilelile, ila baada ya miezi 14 watumiaji walikuwa takriban 280,000, ilhali Kenya kwa muda kama huo walifika milioni 2.7. Kwao Safaricom ilikuwa imelishika soko, na mawakala walikaribia 3,000. Kwetu hawakutimia 1,000. Kikundi hukuonyesha cha kuuza. Kukifikisha kwa watu ni kazi nyingine, ya miguu.

Turudi kwa kijana wetu. Mimi ningemtoa kwenye kwaya na kumpeleka kwenye kikoba. Akina mama wale wanafuga, wanakutana, na wana mweka hazina asiyesahau. Awape watatu vifaranga kumi kumi, awe amevichanja dhidi ya mdondo, kisha anyamaze asikilize. Huenda akaambiwa kifaranga cha siku moja kinawafia kwa baridi, wanataka cha mwezi mmoja hata kama bei imepanda. Hapo atakuwa amejua anauza nini: si kifaranga, ni mwezi wa kwanza wa malezi.

Na lile grupu la walio Dar, lililomjazia dole gumba? Hao hawana banda. Wana mama Ngulyati. Awaambie: lipia wewe huko, mama apelekewe ishirini mlangoni, nikutumie picha wakiwa uani. Ni wazo lilelile la tangazo la 2007, safari hii lina manyoya.

Kabla ya kubandika chochote amwombe ruhusa admini, na daftari la mauzo alitunze mwenyewe, asimtwishe mweka hazina wa kikoba. Faulu, iliyotoa wateja wa kwanza wa M-Pesa, ilichoshwa na hesabu zile na haikuendelea na huduma hiyo baada ya majaribio.